Coaster yangu ya kulala ndani ilizama ukingoni mwa jangwa la Chalbi: je, niirudishe huko au niiache kwenye lami?

#1 Mwenye uzi (Nyegezi, Mwanza)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Maelezo yangu ni marefu, kwa hiyo mwenye haraka ashuke moja kwa moja hadi aya ya mwisho, ambako nimeweka swali langu.

Nina Toyota Coaster ya zamani yenye injini ya dizeli ya 1HZ, ile ile ya sentimita za ujazo 4,164 iliyofungwa katika Land Cruiser nyingi tunazoziona hapa mjini. Miaka mitatu iliyopita niling'oa viti vyote nikaigeuza kuwa nyumba: kitanda cha watu wawili upande wa nyuma, kitanda cha juu cha mtoto, jiko la gesi, jokofu dogo, betri mbili, paneli za sola juu ya paa, makabati ya mninga ambayo seremala wangu aliyajivunia sana, na tangi la maji la lita 200 lililowekwa nyuma kabisa, baada ya ekseli ya nyuma, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na nafasi. Katika nyumba hiyo tumelala Bukoba, tumelala Ukerewe baada ya kuvuka kwa kivuko, na tumelala Kigoma, bila tatizo lolote zaidi ya mbu.

Siku chache baada ya mwaka mpya, mimi, mke wangu na shemeji yangu tuliamua kwenda kuliona Ziwa Turkana, kaskazini mwa Kenya. Tulivuka mpaka Sirari, tukapita Kisii, Nakuru, Nyahururu na Nanyuki hadi Isiolo. (Kwa watakaofuata njia hiyo: mtaulizwa kadi mbili za njano, moja ya chanjo ya homa ya manjano na nyingine ya bima ya gari, na shemeji yangu alimpa ofisa wa bima kadi ya chanjo mara mbili.) Kutoka Isiolo kwenda Marsabit ni lami safi, na nadhani lami hiyo ndiyo iliyonidanganya, kwa maana mtu anafika Marsabit akiwa amestarehe na kuamini kwamba kaskazini yote imekwisha kutengenezwa.

Tulitoka kwenye lami tukashika njia ya Maikona kwa nia ya kufika Kalacha, kisha North Horr, kisha Loiyangalani. Chalbi ni sakafu ya ziwa la kale lililokauka, tambarare nyeupe yenye chumvi. Baada ya Maikona njia iligawanyika kuwa vijia vingi, vingine vikiwa na yale mawimbi madogo mfululizo yanayotikisa gari mpaka vikombe vinatoka kabatini. Mimi nilichagua kijia kilichokuwa laini na cheupe kuliko vyote, nikaona humo alama mpya za tairi za Land Cruiser, nikajiambia kwamba alikopita mwenzangu nami nitapita. Magurudumu ya mbele yalipita, lakini ya nyuma yalivunja ukoko wa juu, na chini ya ukoko ule palikuwa na tope la mvua za mwezi wa kumi na mbili. Nilifanya kosa ambalo kila mmoja wenu analijua: nilikanyaga mafuta. Katika muda usiozidi dakika moja difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli ya nyuma, ilikuwa imelala juu ya ardhi.

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Tulichimba mpaka saa kumi jioni, likapita lori la mbuzi. Vijana wa lori lile hawakushangaa hata kidogo. Walitazama nyuma ya gari, wakagonga tangi la maji, wakaniambia maneno mawili tu: punguza maji, punguza upepo. Maji hayakumwagwa, kwa sababu wachunga ngamia waliokuwa karibu walikuja na madumu yao wakayajaza yote, na katika siku ile nzima hilo ndilo jambo pekee ninaloweza kulisimulia bila aibu. Tairi za nyuma zilitolewa upepo kutoka paundi 65 hadi kama 35, tukatandika mbao za kitanda mbele ya magurudumu, lori likavuta, gari likatoka. Tuligeuza tukarudi Marsabit, na Turkana hatukuiona.

Swali langu ni hili. Nataka kurudi katika kiangazi cha katikati ya mwaka. Je, Coaster ya kulala ndani, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake, inaweza kupita njia za jangwa ikitayarishwa vizuri, au nikubali kwamba nyumba yangu ni ya lami?

#2 Mchangiaji (Igoma)

Ndugu, jibu umekwisha kulipewa na ardhi yenyewe. Jangwa linataka gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne. Uza hiyo nyumba, nunua Land Cruiser na hema, na shemeji yako alale chini kama watu wengine.

#3 Dereva wa lori mstaafu (mzaliwa wa Migori, sasa Musoma)

Mwenye uzi, pole kwa yaliyokukuta, na hongera kwa kuyasimulia bila kujipamba.

Niliendesha lori kati ya Isiolo na Moyale kwa miaka mingi kabla ya lami kukamilika, wakati magari yaliposafiri kwa msafara yakilindwa na polisi wenye silaha, na mtu alipohesabu safari hiyo kwa siku, siyo kwa saa. Malori tuliyoendesha mengi yalisukumwa na magurudumu ya nyuma tu, na yalipita. Kwa hiyo simkubalii kabisa ndugu wa Igoma. Magurudumu manne husaidia, lakini nimeona Land Cruiser zilizozama Chalbi hadi milangoni kwa sababu dereva alikuwa na imani nyingi na upepo mwingi. Lile lililokutangulia lilipita kwa sababu lilikuwa jepesi kuliko lako, wala alama zake hazikukuambia chochote kuhusu uzito ambao ukoko ule ungeweza kuubeba. Sisi tulifuata alama za gari lililotuzidi uzito, na kama hazikuwapo, mtu alishuka akatembea kwa miguu mbele ya gari akiwa na fimbo. Fimbo ikizama kwa mkono mmoja, hapo hapiti mtu.

Jambo la pili ni mvua. Mvua inayokuzamisha Chalbi huenda hukuiona kabisa, kwa kuwa maji hushuka kutoka Mlima Marsabit, Mlima Kulal na vilima vya Huri, yakakutana na wewe katika tambarare kavu. Vivyo hivyo kwa laga, yaani mito ya mchanga isiyo na maji kwa sehemu kubwa ya mwaka. Usiegeshe nyumba yako ndani ya laga kwa sababu tu pana kivuli na mchanga laini wa kulalia. Watu wa gari la kulala ndani hupenda sana mahali pa namna hiyo.

Jambo la tatu, kabla ya kuacha lami, ingia kituo cha polisi Marsabit na uulize hali ya njia siku hiyo hiyo, kwa sababu ugomvi wa mifugo huzuka na kutulia, na habari ya wiki iliyopita haina kazi. Usiendeshe usiku. Ngamia mweusi aliyesimama katikati ya njia hana taa.

Mwisho, kuna njia ambayo wewe mwenye nyumba ya magurudumu ungeanza nayo. Mashine za umeme wa upepo 365 zilizosimamishwa karibu na Loiyangalani, zenye uwezo wa megawati 310, zilifikishwa pale kwa malori marefu, na kwa ajili yake njia ya zaidi ya kilomita 200 kutoka Laisamis ilipanuliwa na kushindiliwa. Ni ya changarawe, ina mawimbi, ina vumbi, lakini ilijengwa ibebe uzito. Ukitaka kuliona Ziwa Turkana, pita hapo. Huna haja ya kulivuka jangwa ili ufike ziwani.

#4 Fundi magari (Mwanza mjini)

Nimesoma uzi huu kwa makini kwa sababu magari matatu ya namna hii yamepita mikononi mwangu, na yote yaliletwa na ugonjwa mmoja.

Tuanze na lile tangi. Mtu hufikiri kwamba lita 200 za maji ni kilo 200 popote zitakapowekwa, lakini ukiziweka nyuma ya ekseli ya nyuma zinafanya kazi kama watu waliorundikana tezini mwa mtumbwi, ambapo tezi huzama na omo huinuka. Chukua gari lenye mita 3.9 kati ya ekseli mbili, kisha weka kilo 200 mita 1.3 nyuma ya ekseli ya nyuma. Ekseli ya nyuma haitapata kilo 200, itapata takriban kilo 267, na zile 67 za ziada zimetolewa kwenye ekseli ya mbele. Ongeza kitanda, betri, mtungi wa gesi na makabati ya mninga, vyote nyuma, halafu ushangae kwa nini magurudumu ya mbele yalipita na ya nyuma yakavunja ukoko! Gari lako lilikuwa na magari mawili ndani yake, moja jepesi lililotangulia na jingine zito lililofuata.

Sasa tairi za nyuma. Coaster ina tairi mbili mbili kila upande wa nyuma, na hilo lina faida kwenye lami, lakini kwenye mchanga lina hasara tatu. Ya kwanza, tairi za mbele ni moja moja, kwa hiyo za nyuma hazifuati njia iliyokwisha kushindiliwa na za mbele, bali zinajichimbia njia yao wenyewe, na injini inalipa gharama hiyo kwa dizeli. Ya pili, kati ya tairi mbili kuna mwanya, na mawe ya volkano yaliyotapakaa upande ule huingia hapo na kukata ubavu wa tairi kutoka ndani, mahali ambapo huwezi kuona. Kila mnaposimama kunywa chai, piga magoti uchungulie. Ya tatu ndiyo inayosahauliwa sana: ukipunguza upepo, mbavu za tairi huvimba kwa nje, na tairi mbili zilizokaa karibu huanza kusuguana. Zikisuguana zinapata joto, na zikipata joto zinapasuka. Kwa hiyo huwezi kuiga mtu wa Land Cruiser anayeshuka hadi paundi 15 au 18. Punguza hatua kwa hatua, paundi tano tano, na kila hatua uangalie mwanya uliobaki kati ya tairi. Kwa mzigo ulioueleza, zile 35 za vijana wa lori zilikuwa hesabu ya watu wanaojua kazi.

Watu wengi wanaamini kwamba kupunguza upepo kunapanua tairi. Inapanuka kidogo, lakini faida kubwa ni kwamba alama ya tairi ardhini inarefuka kwenda mbele na nyuma, ikakanyaga kama unyayo wa ngamia badala ya kwato za punda, na uzito ule ule ukagawanywa katika eneo kubwa zaidi. Hata kwenye yale mawimbi ya changarawe itakusaidia, kwa kuwa tairi itameza sehemu ya mtikisiko ambao ungemezwa na shokapu na vikombe vyako. Ila ukiwa na upepo mdogo usizidi kilomita 30 kwa saa, usikate kona kwa ghafla, na ukirudi kwenye ardhi ngumu ujaze tena. Ndiyo maana kompresa ni kifaa cha lazima. Asiye na kompresa haachi upepo wake utoke, kwa kuwa hajui ataurudisha vipi, na hapo ndipo anapozama.

Swali moja: tairi zako zina mipira ya ndani au hazina?

#5 Mwenye uzi

Fundi, nashukuru sana. Zina mipira ya ndani. Kompresa sikuwa nayo, umekisia sawasawa. Tulikwenda hadi Marsabit tukiwa na tairi laini, kwa mwendo wa kobe, mpaka tukapata wa kutujazia.

#6 Fundi magari (Mwanza mjini)

Basi uwe mwangalifu zaidi. Upepo ukipungua mno, tairi huanza kuteleza juu ya ringi, na mpira wa ndani huvutwa pamoja nayo mpaka kijiti cha upepo kinang'oka. Chora mstari kwa chaki au rangi kutoka kwenye ringi hadi kwenye tairi. Mstari ukikatika na pande mbili kuachana, ujue tairi imeteleza na uongeze upepo. Beba pia mipira miwili ya akiba.

Kabla ya kurudi huko, nenda ukajizoeze hapa hapa ziwani. Tafuta ufuko wenye mchanga mkavu, mbali na mstari wa maji, uzame kwa makusudi mchana ukiwa na watu wa kukuvuta. Uliza kwanza wenyeji, kwa sababu mchanga unaouona mtupu asubuhi ndio uwanja wa kuanikia dagaa, na ukipita juu ya dagaa wa mtu hutahitaji jangwa ili upate matatizo.

#7 Mama msafiri (Bukoba)

Nami nina gari la kulala ndani, dogo zaidi ya hilo, na nimelala nalo Turkana, upande wa Loiyangalani. Naomba niongeze yale ambayo mafundi hawayasemi.

Sisi tuliozaliwa kandokando ya Ziwa Victoria tuna tabia ya kuona ziwa na kudhani tumepata maji. Maji ya Turkana yana magadi. Hayafai kujaza tangi. Kwa hiyo ushauri wa kupunguza tangi usikufanye upunguze maji ya kunywa. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, wakati Turkana haifiki mita 400, na mwili wa mtu wa Mwanza huitambua tofauti hiyo siku ya kwanza. Mimi huhesabu lita tano za kunywa kwa kila mtu kwa siku, nje ya maji ya kupikia, kisha naongeza siku tatu za kukwama. Kwa watu watatu katika safari ya siku nne jangwani, hizo ni lita 105. Zigawe katika madumu ya lita 20, uyafunge sakafuni katikati ya gari. Dumu moja likipasuka umepoteza dumu moja, lakini tangi likipasuka umepoteza safari.

Halafu kuna upepo, huu wa angani siyo wa tairi. Pale Loiyangalani upepo huvuma usiku kucha, na zile mashine 365 hazikuwekwa pale kwa bahati. Nyumba ndefu yenye ubavu mpana hupigwa kama tanga. Egesha ukiwa umeuelekezea upepo pua ya gari, na usifungue mlango bila kuushika kwa mikono miwili. Wangu uling'oka bawaba ya juu, tukaufunga kwa kamba ya katani mpaka nyumbani.

Mtungi wa gesi ufunge kabisa mnapotembea kwenye mawimbi yale, siyo jiko tu. Baada ya siku moja ya kutikisika, paka povu la sabuni kwenye maungio ya bomba kabla ya kuwasha kiberiti.

#8 Mchangiaji (Igoma)

Naona wote mmeamua kumtia moyo. Sawa. Lakini hakuna aliyejibu swali la msingi, ambalo ni uzito wa jumla. Mwenye uzi, gari lako lina uzito gani? Kibati cha gari, kile cha kiwandani, kinaruhusu uzito gani? Hujui. Umesimulia aya sita na hujui.

#9 Afisa kilimo mstaafu (Magu)

Ndugu wa Igoma ameuliza swali zuri kwa ukali usio wa lazima. Nami nina neno kuhusu ardhi, kwa sababu ndiyo niliyoifanyia kazi maisha yangu yote.

Mwenye uzi anasema alichagua kijia laini na cheupe. Mkulima yeyote wa Kisukuma angemwonya. Wazee wetu waliipa kila ardhi jina lake kulingana na tabia yake: luseni ni ule mchanga wa kwenye miinuko, itogolo ni ardhi yenye tabaka gumu isiyopitisha maji, na mbuga ni ule udongo mweusi wa bondeni unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi na kugeuka gundi wakati wa masika. Aliyewahi kukwama kwenye mbuga karibu na Lamadi au katika njia za Ndabaka atakumbuka kwamba juu palikuwa pamekauka na kupasuka, na chini palikuwa pabichi. Chalbi ni habari hiyo hiyo, ila imevaa nguo nyeupe. Ni udongo laini ulioachwa na ziwa, maji yamekaa chini, jua limekausha sentimita chache za juu, na chumvi imeganda ikawa ukoko. Kwa hiyo aliyekwama Chalbi hakukwama kwenye mchanga. Amekwama kwenye mbuga.

Nalisema hili kwa sababu dawa zake hazifanani. Kwenye mchanga mkavu unapunguza upepo, unashika mwendo wa wastani usiobadilika, na ukianza kuzama unaacha gari lisimame lenyewe bila kukanyaga breki, ili usirundike mchanga mbele ya magurudumu. Kwenye ukoko wenye tope chini yake, hakuna upepo wala mwendo utakaolifanya gari zito liwe jepesi. Pale unageuka. Rangi nayo husaidia kusoma: palipofifia na kuwa na vumbi juu huwa pamekauka zaidi, na palipokoza rangi au kung'aa pana unyevu. Lakini rangi inadanganya jua likiwa utosini, wakati kila kitu kinaonekana cheupe, kwa hiyo vuka asubuhi au jioni, kivuli kikiwa kirefu. Ile fimbo ya dereva wa Musoma ni bora kuliko macho.

Mwenye uzi apime pia muda. Katikati ya mwaka, baada ya masika ya Machi hadi Mei, usifikiri Juni mosi pamekauka. Mpe jua nafasi yake, nenda Agosti.

#10 Dereva wa lori mstaafu (Musoma)

Naunga mkono neno la Agosti. Na hilo la kupita asubuhi sikulisema kwa sababu kwetu lilikuwa mazoea tu, sikujua kama lina sababu.

#11 Mwenye uzi

Narudi baada ya wiki tatu, na nitamjibu kwanza ndugu wa Igoma, kwa kuwa swali lake lilininyima usingizi.

Nilikwenda kwenye mizani ya kiwanda kimoja cha pamba, wakanipimia gari likiwa limejazwa kama tulivyokwenda nalo kaskazini, dizeli, maji na watu watatu ndani. Jumla ilikuwa kilo 5,390. Ekseli ya mbele ilibeba 1,610, na ya nyuma 3,780. Gari lilikuwa limezidi kibati chake kwa kilo 210, nami nilikuwa nimeliendesha hivyo kwa miaka mitatu nikilisifu kwamba limetulia barabarani.

Tangi la nyuma limetolewa. Mahali pake nimefunga matangi mawili ya lita 80 chini ya sakafu, kati ya ekseli, yenye bomba linalopita moja kwenda jingine. Makabati ya mninga yameondoka na kuwekwa ya mbao nyembamba za plaiwudi, jambo ambalo sijamweleza seremala. Kitanda cha juu kimetoka, betri moja imetoka, jenereta ambayo hatukuwahi kuiwasha hata mara moja imetoka. Mizani ya pili ilisoma 4,970, mbele 1,740 na nyuma 3,230. Kwa hiyo mwili wote umepungua kilo 420, lakini ekseli ya nyuma peke yake imepungua 550, na hesabu ya fundi kuhusu tezi na omo nimeiona kwa macho yangu kwenye kioo cha mizani.

Jumamosi mbili tumekwenda ufukoni na kompresa mpya. Siku ya kwanza tulizama kwa paundi 65 baada ya mita kumi na mbili. Siku ya pili, mahali pale pale, tuliweka 40 mbele na 35 nyuma, tukapita tukageuka tukarudi, mstari wa chaki ukiwa haujakatika na mwanya kati ya tairi ukiingiza vidole viwili. Watoto wa wavuvi walisikitika, maana siku ya kwanza walilipwa kusukuma.

Uamuzi wetu ni kwamba Agosti tutapita njia ya Laisamis hadi Loiyangalani na nyumba yetu. Kutoka hapo, kama njia ya North Horr na Kalacha itakuwa kavu kwa ushuhuda wa dereva wa gari zito aliyetoka huko siku hiyo, tutaijaribu kwa fimbo. La sivyo tutaegesha, tutakodi Land Cruiser ya mwenyeji kwa siku moja, tuione Chalbi kama wageni. Ndugu wa Igoma atafurahi kusikia hivyo.

#12 Mchangiaji (Igoma)

Nimefurahi. Lakini jokofu hukulitaja. Limetoka au limebaki?

#13 Mwenye uzi

Limebaki. Lina kilo 38, na mwenye jokofu ni mama watoto. Sikulipeleka mbele ya mizani.